Pazia la Nyumba ya Kupanga



Mwezi huu tunawaomba mwingie pamoja nasi katika chumba kimoja cha nyumba ya kupanga mjini Mandera, tusimame mbele ya dirisha. Ni dirisha la kawaida: fremu ya chuma, vioo vinne, na vyuma vya kuzuia mwizi. Juu yake imepigiliwa misumari miwili, na kwenye misumari hiyo imefungwa leso kuukuu. Leso hiyo imekaa hapo kwa miaka minne.

Mpangaji ni mwalimu kutoka Machakos. Mkewe yuko nyumbani kwao na watoto watatu. Mwaka huu, likizo ya Agosti, mama amesafiri kumtembelea mumewe kwa mara ya kwanza. Siku ya nne anatoa tepu ya fundi cherehani mkobani na kusema, "Baba, nishikie upande huo. Nataka kupima dirisha tuweke pazia."

Mume anacheka. "Pazia la nini, Mama? Sisi hapa ni wapita njia. Uhamisho ukija kesho, utamwachia nani?"

Mke anaikunja tepu yake na kuirudisha mkobani. Jioni hiyo chakula kinaliwa kimya.

Mume na mke hawa ni wa mfano tu, lakini walio kama wao ni wengi: walimu, wauguzi, polisi, makarani na wafanyakazi wa benki ambao kazi imewapeleka mbali na nyumbani. Pengine wewe unayesoma ni mmoja wao. Na swali lililowanyamazisha mezani halihusu kitambaa peke yake. Je, mume na mke wana wajibu wa kuifanya kuwa makao nyumba ambayo wanajua wataiacha? Au ni busara zaidi kuvumilia tu, na kuweka kila shilingi na kila jitihada kwa ajili ya nyumba ya kudumu?

MUME ANA HOJA

Tusiharakishe kumlaumu mume. Maneno yake yana uzito.

Kwanza ni fedha. Mshahara mmoja unalipa kodi ya nyumba Mandera, karo ya watoto watatu Machakos, na mabati ya nyumba ambayo bado haijaezekwa. Mita kumi za kitambaa hazitolewi bure. Tena pazia lililokatwa kwa dirisha moja mara nyingi halikai vizuri kwenye dirisha la nyumba nyingine.

Pili ni usalama, na hapa ni lazima tuseme kwa heshima. Mandera iko pembeni kabisa mwa nchi, mahali Kenya inapopakana na Ethiopia na Somalia, safari ya takriban kilomita 1,000 kutoka Nairobi. Tarehe 22 Novemba 2014 basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab, na abiria 28 wakauawa kwa sababu hawakuwa Waislamu. Baadhi yao walikuwa walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Siku kumi baadaye, tarehe 2 Desemba, wafanyakazi 36 wa machimbo ya mawe waliuawa huko Koromey, karibu na mji huo. Januari 2020, baada ya walimu kuuawa Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC) iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaskazini mashariki.

Mtu aliyeishi karibu na habari kama hizo hujifunza kuweka sanduku lake tayari. Hujifunza kutozoea mahali. Kwake, kutundika pazia ni kama kusema, "Nitakaa hapa," na maneno hayo yanamwogopesha kuyatamka. Tena anaogopa zaidi mkewe akiyatamka. Mama, unaposikia mumeo akisema "ya nini?", jiulize kwanza kama huo ni uchoyo, au ni hofu aliyoona haya kukuambia.

LESO IMESEMA NINI?

Hata hivyo, hebu tuitazame tena leso ile. Miaka minne ni mingi. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza sasa yuko darasa la tano. Katika muda huo wote baba amekuwa na sufuria moja, sahani moja na kikombe kimoja. Hajui jina la mama wa nyumba ya pili, ingawa kila asubuhi wanasalimiana. Akipiga simu nyumbani, mazungumzo ni karo, ng'ombe na mabati. Watoto wakiulizwa baba yuko wapi, hujibu, "Yuko kazini," kana kwamba Mandera si mahali penye watu, bali ni ofisi kubwa.

Mnaona lililotokea? Si dirisha tu lililowekwa kiporo. Ndoa nzima imewekwa kiporo. Tutakaa pamoja uhamisho ukija. Tutazungumza vizuri nyumba ikiisha. Tutapumzika malipo ya uzeeni yakitoka. Kila jambo jema limehamishiwa siku ya baadaye, na siku ya leo imeachwa tupu kama chumba cha mapokezi ambako hakuna anayelala.

Tuongeze jambo moja, ingawa ni chungu. Mwanamume anayekaa miaka mingi katika nyumba isiyo na dalili yoyote ya mke wake, hata kitambaa kimoja alichokichagua mke huyo, anajiweka katika hatari. Hatusemi kwamba lazima ataanguka. Tunasema kwamba nyumba hufundisha. Nyumba inayosema kila siku kwamba mwenyewe hana mtu, mwishowe husikilizwa.

WANAOHAMA KULIKO SISI SOTE

Huenda mume akasema, "Hayo ni mashauri ya watu waliotulia. Anayehamahama afanyeje?" Jibu haliko mbali naye. Liko nje ya dirisha lake.

Wafugaji wa Kisomali ambao mwalimu huyu anafundisha watoto wao wanajua kuhama kuliko mtumishi yeyote wa serikali. Nyumba yao ya jadi, aqal, husimamishwa na wanawake. Fito hupindwa zikawa kama kuba, kisha hufunikwa mikeka iliyosukwa kwa mkono. Malisho yakiisha, nyumba hubomolewa, fito na mikeka hupakiwa juu ya ngamia, na safari huanza. Wakifika kambi mpya hawasemi, "Hapa ni pa muda tu, tulale chini ya mti." Nyumba husimamishwa tena, fito kwa fito, mkeka kwa mkeka, ikawa nyumba kamili yenye heshima yake, hata kama itabomolewa tena baada ya majuma machache.

Na sikilizeni jambo hili zuri. Kwa desturi, aqal ya bibi arusi hutayarishwa na mama yake na wanawake wa jamaa yake, kwa hiyo ndoa huanza na nyumba. Tena katika lugha ya Kisomali neno moja, guur, lina maana ya kuhama, na pia lina maana ya kuoa au kuolewa. Waliotunga lugha hiyo hawakuona kwamba kuhama na kuwa na makao ni mambo yanayopingana. Anayeoa anahama. Anayehama anakwenda na nyumba yake.

Basi udhaifu wa mwalimu wetu hautokani na kuhamahama. Wafugaji wanahama na bado wana makao. Yeye amekaa miaka minne mahali pamoja pasipo makao.

IMANI INATUAMBIA NINI?

Sisi Wakristo tunapenda kusema kwamba duniani tu wapita njia, na ni kweli. Lakini tuangalie wapita njia wa Maandiko waliishi namna gani.

Ibrahimu alikaa katika mahema maisha yake yote ya ugenini. Lakini wageni watatu walipomjia pale Mamre, hakuwaambia kwamba nyumba yake ni ya muda kwa hiyo hana cha kuwapa. Alikimbia kutafuta ndama, naye Sara akakanda unga. Hema lile lilikuwa makao kamili, na ahadi ya mtoto ilifika humo humo.

Wayahudi walipochukuliwa uhamishoni Babeli, nabii Hanania aliahidi kwamba mambo yangerekebishwa kwa miaka miwili. Ilikuwa habari tamu. Yeremia aliwaandikia barua ya namna nyingine (Yeremia 29). Aliwaambia wajenge nyumba na kukaa ndani yake, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuolewa, na wautafute usalama wa mji ule wa kigeni na kuuombea, kwa sababu usalama wao ulifungamana na usalama wa mji huo. Angalieni vizuri: Yeremia hakuwaambia kwamba Babeli ni kwao. Aliwaambia kwamba watarudi, lakini baada ya miaka 70. Kati ya leo na siku ya kurudi, waishi kwa ukamilifu.

Na Yosefu, mume wa Maria, alipoamshwa usiku akimbilie Misri, hakuambiwa muda wa kukaa. Aliambiwa tu akae huko mpaka atakapoambiwa. Injili haitusimulii nyumba ile ya Misri ilikuwaje. Lakini ni nani kati yetu anayeweza kuamini kwamba seremala yule alimwacha mama na mtoto wakae ndani ya chumba kisicho na mlango, kwa kuwa ipo siku watarudi Nazareti?

Mwana wa Mungu mwenyewe alikuja kwetu kwa muda wa miaka isiyofika 40. Mtume Yohane anapotuambia kwamba Neno alikaa kwetu, lile neno la Kigiriki alilotumia linatokana na hema: alipiga hema yake kati yetu. Mungu hakuona aibu kuwa na nyumba ya kupita.

Kanisa nalo linafundisha kwa sheria (Kanuni 1151 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983) kwamba mume na mke wana wajibu na haki ya kuishi pamoja, isipokuwa kama kuna sababu halali ya kuwaruhusu kutengana kimakao. Na Papa Yohane Paulo II, katika Wosia wake wa Kitume Familiaris Consortio wa mwaka 1981, alizitaja kwa upendo familia za wafanyakazi wahamiaji na za wale wanaolazimika kukaa mbali kwa muda mrefu, akaagiza zitunzwe kwa namna ya pekee. Kwa hiyo Kanisa halimhukumu mwalimu aliyeko Mandera na mke aliyeko Machakos. Hofu ya kweli ni sababu ya kweli. Karo ya watoto ni sababu ya kweli. Linalotakiwa ni kwamba kutengana huko kusigeuke kuwa mazoea ambayo hakuna anayekumbuka yalianza kwa nini.

NGUO ILIYOSITIRI

Kuna kumbukumbu moja zaidi ambayo mwenye hofu anapaswa kuiweka kando ya ile ya mwaka 2014. Tarehe 21 Desemba 2015 basi jingine, likielekea Mandera, lilishambuliwa karibu na El Wak. Washambuliaji waliwataka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Wanawake wa Kiislamu walikuwa wamewapa wanawake Wakristo hijabu zao wajifunike wasitambulikane. Walisema kwamba kama ni kuua, wauawe wote, au wote waachwe. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016.

Ndani ya basi lile nguo ilikuwa pazia. Ilifunika ili kuokoa. Waliotoa nguo hizo hawakuuliza kama wageni wale watakaa Mandera mwaka mmoja au kumi. Hawakusema, "Hawa ni wapita njia, tuwapime kwa kipimo cha wapita njia." Waliwapima kwa kipimo cha watu wa nyumbani.

Ikiwa majirani waliweza kutupimia hivyo, sisi tutawapimia nini? Yesu alituonya kwamba kipimo tunachotumia kwa wengine ndicho tutakachopimiwa. Kuweka makao mahali, kumjua mama wa nyumba ya pili kwa jina, kumpelekea sahani siku ya Krismasi na kupokea sahani yake siku ya Idi, hilo nalo ni jibu kwa wanawake wale. Hata pazia lenyewe ni adabu kwa majirani. Katika mji ambao watu wake wanatunza sana sitara ya nyumba, dirisha lililofunikwa vizuri linasema, "Tunawaheshimu, nanyi mko huru kupita hapa bila kugeuza macho."

Kwa hiyo jibu letu kwa swali la kwanza ni hili: ndiyo, mume na mke wana wajibu wa kuifanya makao nyumba ya kupita, kwa kadiri ya uwezo wao. Si kwa sababu nyumba ni ya maana sana, bali kwa sababu siku zinazopita ndani yake ni siku za ndoa yao, na hakuna nyingine za kuzifidia. Lakini wajibu huu haumaanishi kutumia fedha ya karo, wala kumleta mke mahali ambapo wote wawili wanaona kweli kwamba ni hatari. Makao huanza kwa kupima pamoja.

SHUBIRI YA NANI?

Turudi sasa kwa wale wawili. Asubuhi iliyofuata mama alifungua sanduku la mumewe ili atoe nguo za kufua. Chini kabisa akakuta pazia. Alilitambua mara moja, kwa kuwa alilishona mwenyewe.

Miaka miwili iliyopita alimwomba mumewe kwa simu ampe vipimo vya dirisha. Mume hakuwa na tepu. Akapima kwa shubiri: kutoka msumarini hadi chini ya dirisha, shubiri sita. Mke akanunua kitambaa, akakipima kwa shubiri zake sita, akashona, akatuma. Mnajua lililotokea. Shubiri ya mkono wa mume ilikuwa sentimita 23, ya mke sentimita 19. Pazia lilipungua sentimita 24, likaacha sehemu ya chini ya dirisha wazi. Mume akalikunja na kuliweka sandukuni. Mke alipopiga simu kuuliza, alijibiwa, "Limekaa sawasawa. Ahsante sana."

Nani alikosea? Hakuna aliyepima vibaya. Kila mmoja alipima kwa uaminifu, ila kwa mkono wake mwenyewe. Hivyo ndivyo tunavyofanya katika ndoa. Mume anapima hatari kwa shubiri yake, mke anapima upweke kwa shubiri yake. Mume anasema "mwaka mmoja tu" kwa kipimo cha mtu aliye kazini mchana kutwa. Mke anasikia "mwaka mmoja" kwa kipimo cha mtu anayelaza watoto watatu peke yake kila usiku. Wametamka neno moja, lakini hawakusema jambo moja.

Kosa lilikuja baadaye, katika yale maneno "limekaa sawasawa". Mume hakutaka kumvunja moyo mkewe, na nia hiyo ni njema. Lakini kwa maneno hayo alitundika pazia jingine, kati yake na mkewe, na hilo halikupungua hata sentimita moja. Tangu siku hiyo mke aliamini kwamba kazi yake inapamba chumba cha mumewe, na mume alijua kwamba haipambi. Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Nyumba inapaswa kuwa na pazia dirishani. Kati ya mume na mke pazia halina kazi. Lisitundikwe juu ya fedha, wala juu ya ugonjwa, wala juu ya hofu, hata kama mwenye kulitundika anasema anafanya hivyo kwa upendo.

Mwalimu alipomkuta mkewe ameketi kitandani na pazia mapajani, alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kulisema kwa miaka minne: "Mama, ninaogopa. Kila basi likiondoka ninaogopa." Na mke akajibu, "Mimi pia. Mbona tunaogopa kila mtu peke yake?" Kisha akatoa tepu mkobani. Safari hii mume alishika upande wa pili.

TUNAVYOPIMA

Kwa kuwa huenda nanyi mna dirisha linalosubiri, tunawaachia mashauri machache. Mtaona kwamba yanafaa hata kwa mambo mengine.

Tumieni kipimo kimoja. Tepu moja, sentimita au inchi, si vyote viwili. Andikeni namba papo hapo, wala msiamini kichwa.

Pimeni kila dirisha peke yake. Madirisha mawili ya nyumba moja huonekana sawa, kumbe fundi aliyajenga siku tofauti. Pimeni upana juu, katikati na chini, kwa maana ukuta haunyooki kama tunavyodhani.

Msipime kioo tu. Fimbo ya pazia ipite ukingo wa dirisha kwa sentimita 15 kila upande, iwe juu kidogo ya fremu. Dirisha la upana wa sentimita 120 litahitaji fimbo ya sentimita 150. Ili pazia liwe na mikunjo, upana wa kitambaa uwe mara mbili ya fimbo, yaani mita 3. Kwenda chini, kama dirisha lina kimo cha sentimita 110, ongezeni 10 za juu na 20 za kushuka chini ya dirisha, jumla 140, kisha 20 za upindo. Kateni sentimita 160. Kama mnapendelea zile za vipande, ambazo watu wa maofisini huziita blaindi, amueni kwanza kama zitakaa ndani ya fremu au juu ya ukuta, maana vipimo hivyo viwili haviwi sawa.

Fikirieni mahali mlipo. Mandera joto hupita nyuzi 35 mara kwa mara, na vumbi halina siku ya mapumziko. Kitambaa kizito cha rangi ya kiza kitameza joto na kuficha uchafu. Afadhali kitambaa cha rangi nyepesi kinachofulika, na pazia jepesi la ndani ili upepo uingie mchana bila watu kuona ndani.

Acheni upindo mpana. Huu ndio ushauri wa mama kwa mumewe aliyeogopa uhamisho. Pazia lenye upindo mpana laweza kufumuliwa na kurefushwa kwenye dirisha la nyumba nyingine. Lile fupi la sandukuni nalo halikutupwa. Aliliongezea kipande cha leso ile ile kuukuu chini yake, likatosha. Hawakutumia mita kumi. Walitumia mita tatu za nyongeza, na karo haikuguswa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI

Jioni moja, watoto wakishalala, ketini ninyi wawili mjiulize, kila mmoja akijibu bila kukatizwa:

1. Ni jambo gani jema katika ndoa yetu ambalo tumeliahirisha hadi siku ya baadaye? Tulianza lini kuliahirisha, na kwa sababu gani? Je, sababu hiyo bado ipo?

2. Tunaposema "karibuni", "kidogo" au "hatari", je, tunatumia shubiri moja?

3. Kuna pazia gani lililokunjwa ndani ya sanduku langu ambalo mwenzangu anaamini limetundikwa?

4. Jirani yetu wa karibu anaitwa nani? Mara ya mwisho tulimtendea jambo gani la ujirani?

5. Kama tunaishi mbali kwa sababu ya kazi, lini tutakaa pamoja kuipima upya sababu hiyo?

Mama yule alirudi Machakos kabla ya shule kufunguliwa. Alisafiri kwa ndege ndogo hadi Nairobi, kwa kuwa hilo nalo walilipima pamoja na kuona fedha yake itafutwe. Mwalimu amebaki Mandera. Uhamisho haujaja. Lakini jioni akiwasha taa, anavuta pazia kabla ya kuketi, na akipiga simu nyumbani watoto humuuliza habari za yule mama wa nyumba ya pili, ambaye sasa wanalijua jina lake.

Mungu awabariki, na awape kuwa na makao popote alipowapeleka.